Lugha Nyingi na Akiba ya Ubongo Uzeeni



Isimu-saikolojia imeonyesha kwamba mjua lugha mbili anapozungumza, lugha zote mbili huwa hai akilini mwake. Ubongo hulazimika kuchagua neno linalofaa na kulizuia lisilotakiwa. Baadhi ya watafiti hushikilia kuwa zoezi hili la miaka mingi hujenga akiba ya kiakili inayomfaa mtu maradhi ya uzeeni yanapoanza kuudhoofisha ubongo.

Mwaka 2007, Ellen Bialystok na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 184 wa Toronto, Kanada. Wenye lugha mbili walianza kuonyesha dalili za dimenshia, yaani maradhi ya kudhoofika kwa kumbukumbu na fikra, takriban miaka 4 baada ya wenye lugha moja. Je, sababu ilikuwa lugha, au elimu na uhamiaji? Mwaka 2013, Suvarna Alladi na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 648 wa Hyderabad, India, ambako wenyeji wengi huishi na lugha zaidi ya moja bila ya kuhama. Tofauti ilikuwa miaka 4.5, na ilionekana hata kwa wasiojua kusoma.

Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu wahamiaji wasemaji wa Kihispania jijini New York uliwafuatilia wazee kabla hawajaugua, na haukuona kwamba lugha mbili ziliwapunguzia uwezekano wa kupata dimenshia. Kwa hiyo tuseme kwa tahadhari: huenda lugha ya pili huchelewesha dalili, haijathibitishwa kwamba huzuia maradhi.

Suala hili linatuhusu sisi wa taaluma za Kiswahili, kwani hali ya Hyderabad inafanana na yetu. Wazee wengi wa Afrika Mashariki walilelewa kwa lugha ya jamii yao, kisha wakajifunza Kiswahili shuleni, sokoni au kazini. Wengine hawakusoma kabisa, lakini hubadili lugha mara nyingi kwa siku. Mzee wa namna hii akiulizwa kwa Kiswahili jina la kitu alilozoea kulitaja kwa Kichaga, akanyamaza, mpimaji aweza kuandika kwamba amesahau, kumbe ameulizwa kwa lugha isiyo yake. Daktari hawezi kuirekebisha kasoro hiyo peke yake. Ni wajibu wa wanaisimu kubainisha mzee anajua lugha zipi, alijifunza lini, anazitumia wapi, na apimwe kwa ipi.

Kwa wazazi wanaoikwepa lugha ya nyumbani wakidhani inamlemea mtoto, utafiti huu hauwapi hoja. Na kwa watu wazima, matokeo ya Edinburgh ya mwaka 2014 yanatia moyo: kati ya watu 853 waliopimwa wakiwa na miaka 11 na tena uzeeni, waliojua lugha ya pili walifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa, wakiwemo waliojifunza ukubwani.