Samaki wa Maziwa ya Rufiji

Maziwa yetu, kama Ruwe, Utunge na Zumbi, hulishwa na mto. Mafuriko yakija, kambale huenda bondeni kutaga. Maji yakipungua, samaki hubaki ziwani. Mwezi wa Desemba 2022 bwawa la Nyerere lilianza kujazwa. Kweli, mwaka 2024 mto ulifurika sana; lakini kila mwaka hauwi hivyo, na ziwa lisilofikiwa na mto hutegemea samaki wake wenyewe. Perege jike huatamia mayai kinywani: ukimvua kwa kokoro, umevua na wanawe. Mwenye ndoana simkatazi. Na atege kambale usiku kwa nyungunyungu. Nawaombeni kokoro la macho madogo mliache, hasa mwaka wa maji haba.