Neno "Si"

Nataka kusema juu ya neno lenye herufi mbili tu, nalo ni "si".

Kwetu neno hili hukanusha. Lakini mjibu Mwitaliano au Mhispania "si", naye atajua kuwa umekubali. Neno lao limetoka katika Kilatini "sic", maana yake "hivyo": mtu aliulizwa, akajibu "hivyo", na hivyo ikawa ndiyo. Wafaransa wanazo "si" mbili. Moja ni ya sharti, kama "ikiwa", nayo yatoka katika Kilatini "si". Ya pili ni mtoto wa "sic", nayo humpinga aliyekanusha: ukimwambia "Hukuja jana", naye alikuja, hujibu "Si!" Tena Mzulu asemapo "siyabonga", yaani "twashukuru", ile "si" ya mwanzo ni sisi wenyewe.

Basi sauti ni moja, lakini mizizi ni mbalimbali. Silabi fupi ni chache na lugha ni nyingi, hazina budi kukutana.

Ndugu zangu makarani, zamani katika ofisi moja nilinakili barua iliyosema, "Deni hili si lake." Mimi nikapiga, "ni lake." Mwenzetu alikatwa mshahara miezi miwili kabla kosa langu halijaonekana. Tangu hapo husoma kila nakala kwa sauti kabla ya kuipeleka kutiwa sahihi. Nawasihi nanyi mfanye vivyo hivyo, maana neno fupi ndilo lipitwalo upesi na jicho.