Mtu wa Pili Kwenye Kamba: Mwongozaji katika Mbio za Wasioona
(Mada kwa walimu wa michezo na viongozi wa vikundi vya mbio, Mutakura, Bujumbura)



Niliombwa nizungumzie maisha ya mkimbiaji asiyeona. Nitayazungumzia, ila macho yangu yatakuwa kwa yule anayekimbia ubavuni pake, mwongozaji anayeshika naye kamba moja, kwa kuwa nina hakika yeye ndiye tunayemhitaji hapa Mutakura kabla ya kitu kingine chochote.

Mwenzetu wa Kenya, Henry Wanyoike, alizaliwa mwaka 1974 huko Kikuyu, karibu na Nairobi. Alikuwa kijana mwenye mbio. Siku moja ya mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 21, alilala anaona, akaamka haoni. Kiharusi kilimnyang'anya takriban asilimia 95 ya nguvu ya macho kwa usiku mmoja, na mwanga kidogo uliosalia ukazidi kufifia. Alizama katika huzuni kwa muda mrefu, asitake hata kutoka nyumbani. Waliomwinua ni wahudumu wa hospitali ya macho ya Kikuyu. Akajifunza kufuma sweta kwa mashine ili apate riziki, kisha taratibu akarudi kwenye mbio. Mwaka 2000 alikuwa Sydney, kwenye Michezo ya Paralimpiki.

Fainali yake ya mita 5,000 huko inafaa tuitazame kwa makini. Mwongozaji wake, John Kibue, aliingia uwanjani akiwa mgonjwa. Mwishoni nguvu zikamwishia kabisa, na Wanyoike alikuwa anaongoza. Kumwacha hawezi: mkimbiaji akitengana na mwongozaji kabla ya mstari wa mwisho, ushindi wake unafutwa. Ikawa asiyeona ndiye anayempigia kelele na kumkokota anayeona, hatua kwa hatua, mpaka wakamaliza. Dhahabu ikaenda Kenya. Watu husimulia kisa hiki kama muujiza. Mimi kinanitia hofu, maana miaka yote ya jasho la Wanyoike ilikuwa karibu kupotea kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine wa kushika kamba.

Baadaye aliongozwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni, wakafanya mazoezi pamoja na kuzoeana pumzi. Athens mwaka 2004, dhahabu mbili: mita 5,000 na mita 10,000. Aprili 2005 Wanyoike alikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 32 na sekunde 51. Wiki moja tu baadaye akakimbia ya Hamburg kwa 2:31:31. Anayeongoza mtu wa namna hiyo lazima awe mwanariadha kamili, mwenye akiba ya pumzi ya kusema wakati mwenzake ananyamaza.

Katika mbio fupi kazi inakuwa ngumu zaidi. José Sayovo wa Angola alipofuka akiwa askari katika vita vya nchi yake, na huko Athens 2004 akashinda mita 100, 200 na 400. Mkimbiaji wa kundi la wasioona kama yeye, linaloitwa T11, hufungwa kitambaa machoni ili wote wawe sawa gizani. Kamba ni fupi na hainyumbuki. Mwongozaji haruhusiwi kumvuta wala kumsukuma mwenzake, wala kutangulia kufika. Kila jozi huchukua njia mbili, ndiyo maana fainali ya mita 100 kwenye uwanja wa njia nane huwa na washindani wanne tu. Mlio unapolia, mikono miwili iliyofungwa pamoja lazima irushwe kwa wakati mmoja. Mmoja akichelewa kidogo, wote wawili wanayumba. Kwenye kona mwongozaji husema, na mwenzake hugeuza mwili kwa sauti hiyo. Siku hizi mwongozaji naye huvishwa medali, na ni haki yake. Wanawake pia wamo: Nancy Chelangat Koech alipata shaba ya mita 1,500 Tokyo mwaka 2021 akiwa na mwongozaji wake, na ndiyo medali pekee Kenya iliyorudi nayo kutoka Paralimpiki ile.

Sasa kwetu. Burundi haikosi miguu. Vénuste Niyongabo alitwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 Atlanta mwaka 1996, na Francine Niyonsaba fedha ya mita 800 Rio mwaka 2016. La Niyongabo lina jambo jingine ninalopenda vijana walijue: mbio zake hasa zilikuwa mita 1,500, lakini nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, aliyekuwa amepigania kwa miaka nchi yetu iingie Olimpiki. Moyo huo wa kumpisha mwenzako ndio mwongozaji anaohitaji.

Na ujuzi wenyewe tunao pia. Kila Jumamosi asubuhi vikundi vinakimbia Bujumbura kwa mstari, vikiimba, mguu wa kushoto pamoja, wa kulia pamoja. Mtu aliyezoea hivyo amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya kuongoza. Kamba haina gharama. Kinachobaki ni mtu mwenye kasi aliye tayari kutoa saa zake, kila wiki, bila kukosa. Na watoto wetu wasioona, ambao wengi hukalishwa pembeni wakati wa somo la michezo, watakuwa na mtu wa kukimbia naye.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa viongozi wa vikundi vya Jumamosi mlio hapa. Kabla hatujatoka ukumbini, kila kikundi kiandike majina ya wakimbiaji wake wawili, mmoja wa mbio fupi na mmoja wa mbio ndefu, walio tayari kujifunza kuongoza. Karatasi iko mezani kwa katibu.