UCHAGUZI WA OILI YA SINTETIKI KWA MASHINE ZA BOTI ZA MWENDO WA KASI

Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya manahodha, mafundi na wenye vyombo



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii ili nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo mara nyingi huachiwa muuza duka aliamue, nalo ni oili ya mashine. Wazee wetu walijua kwamba chombo hakidumu bila ya mafuta. Walipaka mbao sifa, na chini ya jahazi wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Leo boti za faiba zenye mashine za nguvu zimekuwa nyingi, zikichukua wageni kutoka Nungwi kwenda Mnemba na wananchi katika safari zao za kila siku. Mafuta yamebadilika, lakini haja yake ni ile ile.

Kwanza yapasa tufahamu kwa nini mashine ya boti haifanani na ya gari. Gari likishashika mwendo barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Maji ni mazito. Boti inapokwenda kasi, mashine hutoa karibu nguvu zake zote, ikizunguka mara 5,000 hadi 6,000 kwa dakika, saa baada ya saa, huku ikivuta hewa yenye chumvi. Kinachotenganisha chuma na chuma ndani yake ni utando mwembamba wa oili. Utando huo ukikatika, pistoni hunata katika silinda na mashine husimama hapo hapo. Gari likizimika, dereva hulisukuma pembeni akatafuta fundi. Boti ikizimika mkondoni wakati wa kusi haina pembeni, na abiria waliomo ni amana ya nahodha.

Sasa nije kwenye oili yenyewe. Oili ya kawaida husafishwa kutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, na chembe zake ni za ukubwa mbalimbali. Oili ya sintetiki huundwa kiwandani ili chembe zake zilingane. Kwa sababu hiyo hustahimili joto kali zaidi, haiwi nyepesi upesi, wala haiachi masizi mengi kwenye ringi za pistoni. Kwa boti inayokimbia kutwa nzima, faida hizo ni za kweli.

Hata hivyo, neno "sintetiki" peke yake halitoshi. Mwaka 1999, huko Marekani, liliamuliwa shauri la matangazo ya biashara, na tangu hapo mafuta ya ardhini yaliyosafishwa kwa kiwango cha juu kabisa huuzwa pia kwa jina hilo. Hivyo basi, makopo mawili yenye neno moja huweza kuwa na vitu viwili tofauti. Kinachopaswa kusomwa mwanzo ni alama ya daraja la oili.

Kwa mashine za mipigo miwili, ambazo oili yake huchanganywa na petroli, alama ya kutafuta ni TC-W3. Kwa mashine za mipigo minne za kupachika nyuma ya boti, alama ni FC-W. Alama zote mbili zimewekwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, na herufi W maana yake ni kwamba mashine hupozwa kwa maji.

Jambo hili lina uzito wake. Wapo wanaotia oili ya pikipiki katika mashine ya boti kwa kuwa zote ni za mipigo miwili. Pikipiki hupozwa kwa upepo na huwa na joto kubwa zaidi, na oili yake huweza kuwa na madini yanayoacha majivu. Katika mashine inayopozwa kwa maji ya bahari, majivu hayo hujikusanya kwenye plagi na juu ya pistoni, na mwisho wake ni hasara. Oili ya TC-W3 haina madini hayo. Kadhalika oili ya gari, hata ikiwa ya sintetiki na ya bei kubwa, haikupimwa kwa kutu ya chumvi kama ilivyopimwa ile ya FC-W. Oili ya kawaida yenye alama sahihi ni bora kuliko sintetiki isiyokuwa nayo.

Kuhusu uzito, fuateni kitabu cha mashine. Katika namba kama 10W-30, ya mwanzo ni ya baridi, ambayo kwetu haina shida. Namba ya pili ndiyo inayoonesha uzito wa oili mashine ikiwa na joto. Na kwa mashine ya mipigo miwili, kitabu kikisema 50 kwa 1, maana yake lita 25 za petroli hutiwa nusu lita ya oili. Usintetiki wa oili si ruhusa ya kupunguza kipimo hicho.

Aidha, liko suala la muda. Vitabu vingi vya mashine za mipigo minne huagiza oili ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100 au mwaka mmoja, lolote litakalotangulia. Mwaka mmoja ni kwa mtu anayetembeza boti siku za mapumziko. Boti ya biashara inayofanya kazi saa 5 kwa siku hutimiza saa 100 kwa siku 20 tu. Basi msikubali kuambiwa kwamba sintetiki hukaa mwaka mzima. Wekeni daftari la saa katika kila chombo.

Kila asubuhi nahodha achomoe kijiti cha kupimia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa imeongezeka na inanuka petroli, mafuta yanapenya kwenye ringi, khasa kwa mashine inayokwenda polepole muda mrefu bila ya kupata joto. Katika hali zote mbili chombo kisitoke mpaka fundi akiangalie.

Mwisho, oili iliyotumika isimwagwe baharini wala pwani. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973, pamoja na Itifaki yake ya 1978, unazuia umwagaji wa mafuta kutoka vyomboni. Tusisahau kwamba kina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanalima mwani katika maji hayo hayo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Oili chafu ikusanywe katika madumu yenye vifuniko na ikabidhiwe kwa wanaoruhusiwa kuichukua.

Mkaguzi hukitazama chombo kwa siku moja, nahodha hukitazama kila siku. Wahenga wamesema: tahadhari kabla ya hatari. Someni alama, fuateni kitabu, hesabuni saa.