Anayechekwa Anayo Zamu?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa Serikali.)



Mliponialika mlinitaka nizungumze juu ya vichekesho vya siku hizi, hasa vile vichafu ambavyo wachekeshaji hurushiana kwa zamu. Huyu hutoa habari ya ajabu aliyoisoma gazetini, mwenzake huongeza ya nyota fulani wa filamu au muziki, na kila mmoja hujitahidi kumpita mwenzake kwa ukali wa ulimi. Mlisema kwamba vijana wanavipenda, wazee wanavilaani, nanyi mmebaki katikati. Mimi sikuja kuvilaani wala kuvisifu. Nimekuja kupendekeza kipimo kimoja tu, ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia darasani, ofisini au barazani. Lakini kipimo hakieleweki bila kitu cha kupimwa. Basi tuanze na mfano.

Mfano wangu unatoka Marekani, ambako mchezo huu umegeuzwa kuwa kazi yenye utaratibu kamili. Tarehe 11 Oktoba 1975, shirika la televisheni la NBC lilianza kuonyesha kutoka New York kipindi kiitwacho Saturday Night Live, kilichoanzishwa na Lorne Michaels, mzaliwa wa Kanada. Tangu usiku ule wa kwanza kipindi kilikuwa na sehemu iitwayo Weekend Update, yaani taarifa ya habari ya mzaha. Msomaji huketi mezani amevaa suti na tai, uso mkavu, mithili ya msomaji wa habari wa kweli. Husoma sentensi moja ya jambo lililotokea kweli, kisha hufuatisha sentensi ya pili ya kuchekesha. Siri yote ya kazi imo katika pengo lililopo kati ya sentensi hizo mbili.

Mwaka 2014 meza hiyo ilikabidhiwa watu wawili: Colin Jost, Mzungu aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard, na Michael Che, Mmarekani Mweusi. Wote wawili ni wazaliwa wa New York. Baada ya miaka michache walibuni mchezo ambao watazamaji waliupenda kuliko mingine yote. Kila mmoja humwandikia mwenzake vichekesho vya kusoma, na msomaji huviona kwa mara ya kwanza pale pale hewani, maandishi yanapopita mbele ya macho yake. Che humwandikia Jost maneno yanayomfanya Mzungu yule aonekane mbaguzi wa rangi aliyejisahau. Jost naye hulipa kwa kumwandikia Che maneno ya kumfedhehesha. Msomaji hushika kichwa, huomba radhi, hucheka kwa aibu. Lakini lazima asome. Mnamo Desemba 2023 Che alizidisha: alimketisha karibu na Jost mama mmoja Mweusi, akamtambulisha kuwa ni mpigania haki za raia, kisha akamwacha Jost asome uchafu wote mbele yake. Mwishoni ndipo alipofichua kwamba mama yule alikuwa mwigizaji.

Ndugu zangu, kwa nini watu walicheka badala ya kuudhika? Wamarekani wenyewe wameshughulika sana na suala la vichekesho vichafu, lakini kwa kiasi kikubwa wameshughulika na maneno. Mchekeshaji Lenny Bruce alihukumiwa mjini New York mwaka 1964 kwa lugha chafu jukwaani. Alifariki mwaka 1966, na msamaha wa gavana wa jimbo ulikuja mwaka 2003, miaka 37 baada ya kifo chake. Mwaka 1972 George Carlin alitunga mazungumzo juu ya maneno saba yasiyoweza kutamkwa katika televisheni. Mwaka uliofuata, stesheni moja ya redio ya New York ilitangaza mchana mazungumzo ya namna hiyo, na mzazi mmoja akalalamika kwamba mtoto wake alikuwa akisikia. Shauri lilifika Mahakama Kuu kabisa ya nchi, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba Serikali inayo haki ya kuweka mipaka kwa lugha ya aina hiyo hewani. Kutokana na mvutano huo, vituo vya redio na televisheni vya hewani vimeachiwa uhuru zaidi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambapo watoto wanadhaniwa wamelala. Kipindi nilichokitaja huanza saa tano na nusu usiku.

Hivyo sheria yao inatuambia neno gani lisitamkwe, na saa ngapi. Haituambii jambo kubwa zaidi, yaani mzaha huo unamwangukia nani. Kwa jambo hilo hatuna haja ya kwenda mbali, kwani jibu tunalo nyumbani, katika utani.

Mwanachuo Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni uhusiano ambao ndani yake mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Mwaka 1944 Moreau aliandika juu ya utani katika Tanganyika hasa. Lakini wazee wetu hawakungoja kuandikiwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na wajukuu wa wapiganaji hao wakawa watani. Wanyamwezi walioteremka pwani na misafara ya pembe na bidhaa walikutana na Wazaramo, nao wakawa watani. Mjukuu humtania babu, babu humwita mjukuu wa kike mke wake. Na maneno ya utani si ya adabu hata kidogo! Mtani hukutukana mchana kweupe mbele ya wakwe zako, nawe hucheka.

Hata hivyo utani una sheria zake, nami nitazitaja tatu. Kwanza, una zamu: leo umenitania, kesho nitakulipa, na pengine kwa riba. Pili, una wajibu: mtani yule yule aliyekukejeli harusini ndiye atakayeshika jembe kuchimba kaburi siku ya msiba wako, na ndiye atakayewachekesha wafiwa wakati machozi yamezidi. Tatu, una mipaka ya watu: hutanii kila unayemwona. Anayemtania mkwe wake, au mgeni asiyejua kwamba anataniwa, haitwi mtani. Huitwa mtovu wa adabu.

Sasa tuwarudie Jost na Che. Mchezo wao ni utani ulio kamili kwa sheria ile ya kwanza. Wanaketi meza moja, wana mshahara wa kazi moja, kila mmoja anashika kalamu kwa zamu yake, na kila mmoja ameukubali mchezo kabla haujaanza. Hii ndiyo sababu uchafu wa maneno haukuwaangamiza. Mtazamaji anajua kwamba anayeona haya sasa hivi atalipa kisasi baada ya dakika mbili.

Lakini tazameni kilichotokea Desemba 2024. Jost ameoana na mwigizaji mashuhuri Scarlett Johansson. Usiku ule Che alimwandikia Jost kichekesho kichafu juu ya mwili wa mkewe mwenyewe, na kamera ikamwonyesha bibi huyo nyuma ya jukwaa akitazama, mdomo wazi kwa mshtuko. Zamu zilikuwa za wanaume wawili waliokaa mezani. Yeye hakuwa na kalamu. Waswahili husema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Naam, bibi huyo si nyasi. Ni nyota anayejulikana dunia nzima, na akitaka kujibu, magazeti yatampigania. Ndiyo maana simlilii. Nauliza tu: ikiwa nyota kama yeye aliweza kukaa nyuma ya jukwaa bila zamu, je, yule mtu wa habari za ajabu, asiyejulikana na yeyote ila kwa siku moja ya fedheha yake, anayo zamu gani?

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe. Nilipokuwa mgeni katika kazi ya uandishi, nilitumwa wilaya moja ambako mzee mmoja alikuwa ametumbukia usiku katika choo cha shimo, akatolewa na majirani alfajiri, uchi kama alivyozaliwa. Niliandika habari ya sentensi nne, na kichwa chake kilikuwa cha kuchekesha. Wiki hazikupita nyingi, nikaenda kutazama vichekesho, na wachekeshaji wawili wakaitoa habari ile ile jukwaani. Mmoja alikuwa mzee, mwingine shimo, wakajibizana. Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Nami nilicheka kuliko wote, nikamnong'oneza jirani yangu: "Ile ni habari yangu."

Mwaka uliofuata kazi ilinipeleka katika shule moja ya msingi. Mwalimu mmoja wa kike aliposikia jina langu alinyamaza kidogo, kisha akasema, bila hasira, "Kaka, wewe ndiye uliyemwandika baba." Akanieleza kwamba wanafunzi wake walikuwa wakiigiza kichekesho kile kila alipogeuka kuandika ubaoni, hata akaomba uhamisho. Akaniuliza swali moja tu: kwa nini sikuandika kwamba mzee alikuwa na kisukari, kwamba macho yake yalikuwa yamefifia, na kwamba magogo ya choo kile yalikuwa yameoza?

Ndugu zangu, niliyajua yote hayo. Mzee mwenyewe alikuwa ameniambia, na yalikuwamo katika daftari langu. Niliyakata kwa sababu hayakuchekesha. Kumbe katika yale niliyoyakata ndimo ilimokuwa habari: ugonjwa, ukosefu wa choo bora, na mzee aliyeachwa gizani. Niliwapa wasomaji kicheko, nikawanyima sababu. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Basi kipimo changu ni hiki. Kabla ya kucheka, na hasa kabla ya kusimulia, jiulize: anayechekwa anayo zamu? Ikiwa anayo, mzaha ni mzaha, hata ukiwa na maneno makali. Ikiwa hana, basi unachofanya ni kumpiga mtu aliyefungwa mikono.

Kuna watakaosema kwamba kipimo hiki kitawaziba midomo wachekeshaji wasiwaguse wakubwa. Sivyo hata kidogo. Mkubwa anayo zamu wakati wote. Anacho kipaza sauti, anao waandishi, anayo ofisi, anaweza kujibu asubuhi yake kabla chai haijapoa. Mchekeshaji anayemkejeli mwenye cheo anapandisha mzaha mlimani, na kazi hiyo inataka moyo. Anayemkejeli mzee wa shimoni anauteremsha tu, na mteremko hauhitaji nguvu. Mkubwa anayekasirika kwa kuchekwa, ilhali yeye mwenyewe huwacheka walio chini yake kila siku, akumbuke kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwenu walimu, jambo hili si la televisheni peke yake. Mwalimu anaposoma kwa sauti kosa la kijana katika insha ili darasa licheke, zamu ya kijana iko wapi? Akijibu, ameitwa mtovu wa nidhamu. Lakini mwalimu anayejitania mwenyewe, akasimulia jinsi alivyofeli hesabu akiwa mdogo, amewapa watoto zamu, na darasa litamcheka na kumpenda. Wafundisheni utani pamoja na sheria zake zote tatu, siyo maneno yake makali tu.

Kwenu watumishi, nasema jambo zito zaidi. Habari za ajabu hazianguki kutoka mawinguni. Aghalabu hutoka katika mafaili yetu: faili la hospitali, kitabu cha polisi, shauri la mahakama ya mwanzo, barua ya mwananchi aliyeandika kwa shida na kwa makosa ya tahajia. Karani huisoma, humwonyesha mwenzake, mwenzake huipiga picha kwa simu, na kabla ya jioni nchi nzima inacheka. Mwananchi yule alileta shida yake ofisini ili isaidiwe. Hakuileta jukwaani. Tukiigeuza kichekesho, kesho hatakuja tena, na wala jirani yake hatakuja.

Ndugu Mwenyekiti, mimi bado napenda kucheka, na bado naandika. Mzee yule alifariki kabla sijapata ujasiri wa kwenda kumwomba radhi. Nilikwenda msibani nikiwa nimechelewa kwa siku mbili. Watani wake walikuwa wangali pale, wamechimba kaburi, wameteka maji, na sasa walikuwa wakimsimanga marehemu kwa ubahili wake mpaka wajane wakatabasamu. Hawakulitaja shimo lile. Walikuwa na kila ruhusa ya kulitaja, wakaliacha, kwa kuwa walijua kwamba mzee hatakuwa na zamu tena.