Mwalimu wa Ngumbaru Anapopata Kazi ya Kutwa

(Maongezi yetu na viongozi wa vikundi, Kakamega)

Leo hatuzungumzi juu ya ng'ombe wa maziwa wala mikopo. Kuna jambo lililoleta maneno katika kikundi kimoja upande wa Shinyalu, mpaka tukaitwa.

Kikundi hicho kina darasa la ngumbaru. Mwalimu ni mama kijana aliyemaliza kidato cha nne. Anafundisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nane mpaka saa kumi. Wanafunzi ni 20, kila mmoja hutoa shilingi 200 kwa mwezi, na hizo 4,000 ndizo posho yake. Sasa duka moja la vifaa vya ujenzi mjini likamwambia: njoo uwe karani, kazi ya kutwa, 18,000 kwa mwezi, uanze Jumatatu.

Mkutano ulikuwa moto. Wengine walisema ametusaliti. Mwenyekiti alitaka posho ya mwezi ule izuiwe. Kisha mweka hazina, mama wa makamo, akasema polepole: "Mimi nimefika kwa hesabu ya kugawanya. Nani atanimalizia?" Mama huyu alianza kusoma kwa sababu alichoka kusomewa kitabu cha benki na watu wengine.

Madarasa haya si ya jana. Idara ya Elimu ya Watu Wazima ilianzishwa mwaka 1979, wakati wa kampeni ya serikali ya kufuta ujinga, na tangu hapo walimu wa muda na wa kujitolea wameyabeba. Lakini mwalimu ni wa muda, watoto wake hawali kwa muda.

Kwanza tulimuuliza mwalimu: barua iko wapi? Hakuwa nayo, aliambiwa kwa mdomo tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iandikwe. Tena kuna miezi ya majaribio, inaweza kufika sita, na ndani yake mtu anaweza kuachishwa kwa notisi ya siku saba. Kwa hivyo usichome daraja ulilovukia.

Halafu tulipiga hesabu ubaoni, darasa zima likitazama. Katika 18,000, NSSF inachukua asilimia 6, yaani 1,080. Bima ya afya ya SHA, iliyoingia mahali pa NHIF Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani 495. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 270. Kodi ya mapato haimfikii kwa mshahara huo. Zinabaki 16,155. Nauli, alituambia, ni 200 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 ni 5,200. Chakula cha mchana 100 kwa siku, 2,600. Na kwa kuwa hatakuwa nyumbani, kibarua wa shamba, wacha tuseme 1,500. Inafika mkononi 6,855. Faida juu ya posho ni 2,855, si zile 14,000 zilizomnyima usingizi.

Hata hivyo tulimwambia aende. NSSF mwajiri pia anatoa sehemu yake. Kuna likizo ya siku 21 kila baada ya mwaka, na miezi mitatu akijifungua. Kikundi hakiwezi kumpa hayo, na tusijidanganye.

Kwa mwenyekiti tulisema wazi: siku alizofundisha ni zake, usizuie hata shilingi. Lakini anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa maandishi. Hiyo ni haki ya kikundi.

Sisi tunaosema haya tuliwahi kukosea. Tukiwa vijana na diploma mpya, tulikuwa tukifundisha watu wazima jioni. Kazi ya kutwa ilipopatikana tuliondoka Ijumaa bila kuaga, tukiona haya. Miaka mingi baadaye mzee mmoja alitushika mkono sokoni, akauliza: "Mwalimu, ile Jumatatu ulikuwa mgonjwa?" Walikuwa wamengoja mpaka giza likaingia. Hatukuwa na jibu.

Basi mwalimu wa Shinyalu alirudi dukani kuomba barua na muda. Mwenye duka alinung'unika, akaandika, akampa wiki mbili. Siku zilizobaki kikundi kilimsamehe. Wakaandika hivyo kwenye kitabu cha mikutano na pande zote mbili zikatia sahihi. Kikundi nacho kikampa barua ya kuonyesha amewafundisha miaka mingapi.

Katika wiki hizo mbili hakufundisha peke yake. Wanafunzi wawili waliotangulia wengine walisimama ubaoni naye akikaa nyuma, rejista na funguo za kabati wakakabidhiwa. Wanatafuta mwalimu mwingine, na posho wameipandisha mpaka 250 kwa kila mwanafunzi, ingawa wawili walilalamika. Mweka hazina hakungoja. Jioni mbili alikwenda nyumbani kwa mwalimu na kitabu chake, na ndizi mkononi, wakamaliza kugawanya jikoni, sufuria ya mboga ikiwa motoni.