Neno la Wote Halisajiliwi na Mmoja



Wengi huuliza kwa nini Msajili hukataa alama ya biashara kama "Asali Tamu". Ni kwa sababu kila mwuza asali anayahitaji maneno hayo kuieleza mali yake. Akipewa mmoja, wengine wamefungwa midomo sokoni.

Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili huko neno KIKOY. Kikoi ni jina la vazi la mwambao wetu. Mfumaji wa huku angeliuzaje Uingereza bila kulitaja? Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi likaachwa.

Lakini mwaka 2003 Disney ilisajili Marekani maneno "Hakuna Matata" kwa fulana. Maneno ni yetu, ila hayaelezi kitambaa wala mshono, kwa hiyo yalipita.

Basi vijana, mkianzisha biashara, chagueni jina lisiloeleza bidhaa. Asali iitwe "Mwezi", kama hapana aliyetangulia; "tamu" liandikwe pembeni, walitumie wote. Na ulizeni kwa Msajili kabla ya kuchapisha lebo, si baada ya fedha kwisha.